Panya wa Kwanza na Panya wa Pili

Wahenga walisema: Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Methali hii haikutungwa kwa ajili ya watu wa sinema, lakini yawaelekea sana. Picha moja ikipendwa na fedha zikaingia, wenye kampuni hukaa wakashauriana: kwa nini tusiwape watu kile kile mara ya pili? Basi huchukua nchi ile ile na majina yale yale, wakaunga kisa kipya kwenye mkia wa kisa cha zamani. Mara nyingi kitokacho ni tembo la maji. Mara chache huwa sivyo. Yampasa mtazamaji mwenye akili apambanue lipi ni lipi, na aijue sababu yake.

Mwezi huu tumeziweka katika mizani picha mbili za Uingereza, za kuchekesha. Ya kwanza yaitwa The Mouse That Roared, yaani Panya Aliyenguruma, nayo ilitoka mwaka wa 1959. Ya pili yaitwa The Mouse on the Moon, yaani Panya Mwezini, ikatoka mwaka wa 1963. Zote mbili zatokana na vitabu vya Leonard Wibberley, mwandishi aliyezaliwa Ireland na kuishi Marekani. Swali letu ni hili: je, mdogo amemfikia nduguye mkubwa?

Kabla ya kujibu, yataka tukubaliane juu ya neno moja. Vijana wetu wengi huchanganya tashtiti na dhihaka, wakadhani kila kichekeshacho ni kimoja. Dhihaka humcheka mtu kwa umbo lake, au kwa kabila lake, au kwa umaskini wake, na hayo ni mambo asiyoyachagua. Tashtiti hukicheka kitendo, na hasa kitendo cha mwenye nguvu, ili watu wapate kukitazama sawasawa. Dhihaka ni haramu iliyo wazi, na haihitaji mjadala. Ama tashtiti ni chombo, na chombo hupimwa kwa kazi yake. Nasi tutaipima kwa maswali matatu. Inamcheka nani? Je, chini ya kicheko mna ukweli? Na watu wakisha kucheka, kunabaki nini?

Tuanze na kisa cha kwanza. Mwandishi amebuni nchi ndogo mno katika milima ya Alps, jina lake Grand Fenwick. Nchi hii yaishi kwa kuuza mvinyo wake Marekani. Wasomaji wetu hawana haja na kinywaji hicho, lakini ndicho kilichokuwa riziki ya nchi nzima, na bila ya kukitaja kisa hakisimuliki. Kampuni moja ya California yatengeneza mvinyo wa kuiga, wa bei rahisi, na Grand Fenwick yafilisika. Waziri Mkuu, Mountjoy, apata shauri: tuitangazie Marekani vita, tushindwe siku hiyo hiyo, kisha tungoje msaada. Kwani Wamarekani, asema, humsamehe adui waliyemshinda, wakamjengea na nyumba.

Basi barua ya vita yapelekwa Washington, na huko yadhaniwa kuwa ni mzaha. Kijana mpole aitwaye Tully Bascombe, aliyerithi uongozi wa jeshi, avuka bahari na askari wapatao 20, wamevaa mavazi ya chuma na kuchukua pinde na mishale. Wafika New York wakikuta mji mtupu. Watu wote wamejificha chini ya ardhi, kwa kuwa siku hiyo serikali yafanya mazoezi ya kujikinga na mabomu. Tully, ambaye hakuambiwa kwamba yatakikana ashindwe, aingia katika nyumba ya mtaalamu mmoja, Dokta Kokintz, amteka yeye na binti yake pamoja na bomu jipya alilolitengeneza, lenye nguvu kupita yote yaliyotangulia. Arudi nalo nyumbani. Nchi iliyokusudia kushindwa sasa imeshinda, na mataifa makubwa yote yaja mlangoni pake kwa adabu.

Hiki ndicho kisa. Tazama sasa ukweli uliomo chini yake. Mountjoy hakubuni habari ya ukarimu wa mshindi. Vita vilipokwisha mwaka wa 1945, Ulaya ilikuwa magofu. Toka mwaka wa 1948 hata mwaka wa 1952, kwa mpango uliojulikana kwa jina la Marshall, Marekani ilitoa dola zipatazo bilioni 13 kuzisaidia nchi za Ulaya Magharibi, na Ujerumani Magharibi, iliyokuwa adui jana, ilikuwa miongoni mwazo. Kwa hivyo shauri la Mountjoy, ingawa ni la kipuuzi, lina mantiki yake. Mtazamaji wa mwaka wa 1959 alicheka kwa sababu alijua habari hiyo ni kweli.

Kadhalika habari ya mji mtupu. Katika miaka ya 1950 mazoezi ya namna hiyo yalikuwa yakifanywa kwelikweli katika miji ya Marekani. King'ora hulia, watu wakaacha njia na maduka wakaenda kujificha. Mchekeshaji aliongeza jambo moja tu: kwamba wakati mkubwa amejifungia chini kwa kumwogopa adui aliye mbali, mdogo aliyedharauliwa aweza kuingia kwa mlango wa mbele. Nasi tuna methali yetu: Mdharau mwiba mguu huota tende.

Ubora wa picha hii wahusu pia mchezaji wake, Peter Sellers. Wakati huo alikuwa akijulikana Uingereza kwa vichekesho vya redio, na picha hii ndiyo iliyomfungulia mlango kwa Wamarekani. Sellers amecheza watu watatu peke yake: Bibi Mtawala Gloriana, Waziri Mkuu Mountjoy, na Tully mwenyewe. Mtu aweza kudhani ni ufundi wa kujionyesha tu. Sisi twaona zaidi ya hapo. Nchi ambayo mtawala wake, waziri wake na mkuu wa jeshi lake wana sura moja ni nchi iliyojaa ubishi wa mtu na nafsi yake. Mmoja ataka heshima, wa pili ataka fedha, wa tatu ataka kutimiza wajibu wake, nao wote ni uso mmoja. Ni nani kati yetu asiyewajua watu watatu hao ndani ya kifua chake?

Na mwongozaji wake, Jack Arnold, hakumwachia mtazamaji acheke akasahau. Picha yaanza kwa mzaha mwepesi: yule mwanamke mwenye mwenge, alama ya kampuni ya Columbia, aona panya miguuni pake akakimbia. Lakini baadaye, kisa kikiwa katikati, hutokea ghafla mlipuko wa bomu, wingu likapanda mbinguni, na msimulizi akawatuliza watazamaji kwamba huo si mwisho wa picha, ila jambo kama hilo laweza kutokea saa yoyote. Ukumbi uliokuwa ukicheka hunyamaza. Hiyo ndiyo tashtiti: hukushika mkono kwa kicheko, kisha ikakuonyesha shimo.

Mwisho wake nao ni wa kufikirisha. Grand Fenwick yataka bomu libaki chini ya ulinzi wa mataifa madogo, ili wakubwa walazimike kuweka silaha chini. Wakubwa wakubali. Kisha wachache walio ndani ya ngome wagundua kwamba bomu ni bovu, halifanyi kazi. Nao waamua kunyamaza. Mtazamaji arudi nyumbani na swali: je, amani ya dunia yasimama juu ya kuogopa kitu ambacho hatukijui ndani yake kina nini? Na ikiwa amani hiyo ni ya uongo, ni nani atakayethubutu kuusema ukweli?

Sasa tuje kwa ndugu mdogo. Miaka minne ilikuwa imepita. Dunia haikuwa ikizungumza juu ya mabomu tu, bali juu ya mwezi. Tarehe 12 Aprili 1961 Yuri Gagarin wa Urusi ya Kisovieti alikuwa mtu wa kwanza kuizunguka dunia katika anga, na mwezi uliofuata Rais Kennedy aliliambia bunge la Marekani kwamba nchi yake yapasa kumfikisha mtu mwezini kabla ya muongo ule kwisha. Mtengenezaji wa picha ya kwanza, Walter Shenson, aliona hapo pana nafasi ya kicheko kipya. Lakini Sellers hakurudi, wala Jack Arnold hakurudi. Uongozaji alipewa kijana wa Kimarekani aliyekuwa akifanya kazi Uingereza, Richard Lester. Nafasi ya Bibi Mtawala ilichukuliwa na bibi mzee hodari, Margaret Rutherford. Mountjoy akawa Ron Moody. Na mwana wa Mountjoy, Vincent, akawa Bernard Cribbins. Katika wakubwa wa zamani alibaki David Kossoff, aliyecheza Dokta Kokintz katika picha zote mbili.

Kisa ni hiki. Mountjoy ataka maji ya moto katika ngome, naye hana fedha za mabomba. Ajua kwamba hakuna taifa litakalompa fedha za bafu. Basi aiandikia Marekani akiomba fedha za kufanya utafiti wa anga. Wamarekani, wakitaka dunia ione kwamba wao hushirikiana hata na wadogo, watoa dola milioni 1. Warusi nao, wasikubali kupitwa kwa ukarimu, watoa roketi yao kuukuu. Mountjoy afurahi: fedha zitakwenda kwenye mabomba, na roketi haitakwenda popote. Lakini Dokta Kokintz agundua kwamba mvinyo wa nchi hiyo una nguvu ya kurusha roketi. Yeye na Vincent wapaa kweli. Wakubwa wasikiapo, waharakisha vyombo vyao ili wasitanguliwe, wafika mwezini wakiwa wamechelewa, kisha kwa pupa ya kutaka kuwa wa kwanza kurudi waviharibu vyombo vyao wenyewe. Warudi duniani wakiwa abiria katika roketi ya Grand Fenwick.

Tusimnyime mtu haki yake. Picha hii yachekesha, na kuna mahali ambapo yachekesha kuliko ya kwanza. Lester alikuwa na mkono mwepesi, na mwaka uliofuata yeye na Shenson walitoa A Hard Day's Night, picha ya wanamuziki wa Beatles iliyompa jina kubwa. Margaret Rutherford kila atokeapo huuchukua ukumbi mzima kwa jinsi anavyopotea katika mazungumzo ya wakubwa kwa utulivu kamili. Mtoto wa miaka kumi ataifahamu yote bila ya kufafanuliwa. Lakini kuchekesha ni jambo moja, na kufikia ni jambo jingine. Turudi kwenye maswali yetu matatu.

Inamcheka nani? Picha ya kwanza yawacheka wakubwa kwa hofu yao, na yamcheka mdogo kwa hila yake. Picha ya pili yawacheka wakubwa kwa kiburi chao cha kushindana. Hofu na kiburi vyote ni maradhi, ila hayalingani. Mwenye kiburi hujiaibisha. Mwenye hofu aliyeshika bomu aweza kuwaangamiza majirani zake na nafsi yake pamoja. Kwa hivyo kicheko cha kwanza kina uzito ambao cha pili hakina.

Je, chini yake mna ukweli? Hapa ndipo tuonapo kasoro kubwa ya ndugu mdogo. Katika picha ya kwanza kila jambo latokea kwa sababu ya upofu wa binadamu. Barua haikusomwa kwa makini, kwa kuwa aliyeiandika alikuwa mnyonge. Mji ulikuwa mtupu, kwa kuwa watu walikuwa wakimwogopa mwingine. Hapana mwujiza, ila lile bomu lenyewe, nalo ni kuongeza kidogo tu juu ya mabomu ambayo dunia ilikuwa nayo tayari. Katika picha ya pili, kila kitu chategemea mvinyo kugeuka kuwa petroli ya roketi. Msimulizi ametia mkono katika kanzu yake akatoa ajabu. Tashtiti yaweza kutia chumvi, lakini msingi wake lazima uwe jambo lililopo. Ukimwondoa panya katika udhaifu wake, ukampa nguvu za ajabu, umekwisha kumfanya paka, na mzaha wa panya umekufa.

Na kunabaki nini? Picha ya kwanza yatuachia swali la bomu bovu na watu wanyamavu. Picha ya pili yatuachia wakubwa wamebanana katika roketi ya mdogo, na hapo kicheko hufika mwisho wake. Ni mwisho mwema, lakini mtu hulala usingizi baada yake.

Tena kuna jambo la wachezaji. Ule uso mmoja wa Sellers ulikuwa maana, haukuwa pambo. Ulipogawanywa kwa watu mbalimbali, kila mmoja hodari kwa upande wake, tulipata vichekesho vingi, na ubishi wa mtu na nafsi yake ukapotea. Ni kama kuvunja kioo kimoja ukasema sasa unavyo vingi.

Je, Sellers alikwenda wapi? Jawabu lake latusaidia kufahamu maana ya kuendeleza tashtiti. Januari 1964, muda usiotimia mwaka tangu Panya Mwezini kuonyeshwa, ilitoka picha ya Stanley Kubrick iitwayo Dr. Strangelove. Humo Sellers alicheza tena watu watatu, na habari yake ilikuwa ile ile ya bomu: jemadari mmoja mwenye wazimu aamuru ndege zikaipige Urusi, na wakubwa wote wa dunia washindwa kulizuia jambo walilolijenga kwa mikono yao. Humo hamna Grand Fenwick wala Mountjoy. Lakini ukiitazama kwa moyo, utaona kwamba hiyo ndiyo iliyolichukua swali la Panya Aliyenguruma na kulipeleka mbele. Panya Mwezini ni ndugu wa jina, na Dr. Strangelove ni ndugu wa damu. Jina na mapambo hurithiwa kwa mkataba wa kampuni. Swali hurithiwa na mwenye kulijali.

Wasomaji watatwambia: je, wakati nao si shahidi? Naam, na ushahidi wake una pande mbili, nasi hatutaficha hata mmoja.

Tarehe 20 Julai 1969 Neil Armstrong na Buzz Aldrin walitua mwezini, na Warusi hawakutuma mtu huko. Mashindano yakaisha, na picha iliyojengwa juu ya mashindano hayo ikazeeka mara moja. Hata hivyo kuna mzaha wake mmoja uliotimia. Mwaka wa 1975 chombo cha Wamarekani na chombo cha Warusi viliunganishwa angani, wakapeana mikono. Na toka mwaka wa 2011, Wamarekani walipoviweka kando vyombo vyao vya zamani, hata mwaka wa 2020, wanaanga wao walifika katika kituo cha kimataifa cha angani kwa kupanda roketi za Warusi. Wale waliosema watakuwa wa kwanza peke yao wakawa abiria wa mwenzao. Lester na watu wake walikuwa wakicheza tu, lakini mchezo ule uligusa kweli.

Ama swali la picha ya kwanza, lipo hai hata leo. Mabomu ya atomiki hayakuondoka. Nchi tisa zinayo. Na lile wazo la mataifa madogo kuwalazimisha wakubwa, ambalo mwaka wa 1959 lilikuwa la kuchekesha, limeingia katika sheria za dunia. Julai 2017 nchi 122 zilipiga kura katika Umoja wa Mataifa kuukubali mkataba wa kuzipiga marufuku silaha hizo, nao ukaanza kufanya kazi Januari 2021. Miongoni mwa walioutia nguvu mkataba huo ni San Marino, nchi ndogo ya milimani ambayo ukiitazama utadhani ndiyo Grand Fenwick yenyewe, na Ireland, nchi alikozaliwa Wibberley. Wenye mabomu hawakuutia sahihi hata mmoja. Panya amenguruma kweli, na paka amejifanya hakusikia, kama ile barua ya Washington.

Lakini kuna upande mmoja ambao twampa ndugu mdogo nafasi ya mbele, na twawaomba wazazi wauzungumze na vijana wao. Ni habari ya kuomba. Picha hii ilitoka mwaka wa 1963, mwaka ambao Zanzibar na Kenya zilipata uhuru wao mwezi wa Desemba, na Tanganyika na Uganda zilikuwa zimekwisha kuupata kabla yake. Nchi nyingi changa zilikuwa zikisimama kwa miguu yao, na huku pande mbili za wakubwa zikishindana kuzisaidia. Panya Mwezini yaonyesha waziwazi kwamba mtoaji aweza kutoa ili aonekane, au ili mwenzake asionekane peke yake. Hilo ni somo kwa mwenye kupokea: ajue anapewa kwa nini.

Na yaonyesha upande wa pili pia. Mountjoy aomba kwa jina la elimu, na nia yake ni bafu. Watazamaji humcheka, tena kwa mapenzi, kwa kuwa ni mjanja na maskini. Lakini hapo kijana na aulizwe: ukiomba ada ya masomo ukanunua viatu, umetofautiana vipi na Mountjoy? Naye mzazi ajiulize: tukichanga fedha za kisima, je, kisima kimechimbwa? Hadaa ya mnyonge ina huruma ndani yake, lakini haiachi kuwa hadaa. Naye akibainika, hupoteza kitu ambacho hapana msaada utakaokirudisha, nacho ni kuaminiwa siku atakapoomba kwa haki. Picha yamwokoa Mountjoy kwa mwujiza wa mvinyo. Maisha hayana desturi hiyo.

Kwa watakaozitazama nyumbani twasema haya. Anzeni na ya kwanza, kwa kuwa ya pili bila yake haina mizizi. Kila moja haifiki saa moja na nusu. Humo hamna matusi ya kutia aibu. Mna mvinyo wa kutajwatajwa, mna mapenzi mepesi ya kijana na binti, na mna mwanamume aliyevaa nguo za kike kwa kucheza Bibi Mtawala; mzazi asiyependa hayo na ajue mapema. Wadogo waelezwe kwanza vita vya 1939 hata 1945 vilikuwa vipi, na kwa nini watu wa New York walijificha, kwani asiyejua hofu yao hataujua mzaha wake. Picha ikisha, msiondoke upesi. Waulizeni watoto: nani alichekwa, na je, alistahili? Nusu saa ya maswali hayo yafaa kuliko kuwakataza sinema mwaka mzima kisha wakaziona kwa siri.

Hukumu yetu basi ni hii. Panya Mwezini si tembo la maji. Ni kinywaji cha watoto, kitamu, kisafi, na hakimdhuru mtu. Lakini kumfikia nduguye hakumfikia, kwa kuwa alirithi nyumba na nguo, asirithi jambo lililomfanya nduguye anguruma. Mkubwa aliwatazama watu walioogopa kufa, akawachekesha bila ya kuwadharau, kisha akawaachia swali ambalo wajukuu zao hawajalijibu.

Na kijana wetu atakapoona tangazo la picha yoyote yenye namba mbili ubavuni mwake, asiulize kwanza kama wachezaji ni wale wale. Aulize kama waliotengeneza bado wana neno la kusema.